Doa Jeupe Kwenye Ramani ya Muhuru

Robi, nyathina, mwanangu,

Nakusikia hapo nje ukigombana na zipu ya begi, na baba yako akikushauri uachane nayo ufunge kwa kamba ya ng'ombe. Jua bado liko juu. Omena zangu, dagaa hizi za ziwa, zimekauka upande mmoja tu, na badala ya kwenda kuzigeuza nimemwachia jirani, nikajifungia chumbani kama mtu mwenye homa. Sina homa. Nakuandikia barua, na ole wako ucheke mwandiko wangu.

Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini sisi wawili tukianza kuongea hatufiki mahali. Wewe unanikatiza, mimi napandisha sauti, baba yako anatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawana shida yoyote. Karatasi hainikatizi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho cha nyumba hii. Kijaluo changu kilimshinda baba yako, Kikuria chake kikanishinda mimi, tukaoana kwa Kiswahili cha sokoni, na wewe ukazaliwa humo humo.

Sitakuambia habari ya kula, ya neti ya mbu, wala ya wanaume wa Homa Bay. Hayo nimekuimbia mpaka unaweza kunirudishia neno kwa neno. Nataka ujue jambo moja ambalo wiki hii yote nimelificha kwa kununa kwangu: nina furaha, Robi. Nina furaha ya kitoto, ya kutaka kuruka. Wewe umeniona nimekaza uso ukadhani sitaki uende. Si hivyo hata kidogo.

Kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa, nakubali. Uliposema unaenda kusomea jiolojia, mimi nilitaka unesi. Kanisani wakaniuliza unasomea nini, nikasema udaktari. Mama mmoja akaniuliza, daktari wa nini? Nikajibu, wa mawe. Wakanicheka mpaka mhubiri akanyamaza. Nikarudi nyumbani na hasira, nikakupigia simu nikakugombeza wewe, kana kwamba ni wewe uliyesema. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza kuhusu kazi yako. Niliionea aibu kabla ya kuuliza ni kazi gani.

Sasa nimeuliza. Najua wewe na wenzako wa kazi mtaufuata ufuo wote huu, kutoka hapa Muhuru Bay mpaka Karungu, Kisegi, Sindo, hadi huko Homa Bay utakakopanga nyumba, mkipiga sauti chini ya maji na kuisikiliza ikirudi, ili mchore sakafu ya ziwa. Najua mkishachora mnakaa kuamua ni mahali gani pana mawe ya kuitwa urithi: kama ni ya nadra, kama bado ni mazima, yanafundisha nini kuhusu dunia ya zamani, na ni kitu gani kinaweza kuyaharibu. Uliponieleza hivyo nilikuambia, basi mnapima mawe jinsi ninavyopima omena. Naangalia kama imekauka, kama imevunjika, kama ina mchanga ndani, na ni nani anataka kuniibia. Ulicheka. Lakini uliandika, nilikuona.

Ile jioni baada ya majaribio ya mashine yenu hapa bichi ndiyo iliyonimaliza. Uliingia na kompyuta, ukasukuma sahani zangu kando bila hata samahani. "Mama, kuja uone." Nikadhani ni picha za harusi ya mtu. Kumbe ni rangi tu, buluu na kijani na manjano, na mstari mrefu umepinda katikati.

"Hii ni nini?"

"Ni hapa kwetu. Ni chini ya maji, kuanzia bichi mpaka kule akina Okech wanakotega nyavu."

Ukaniambia kwamba zamani, kabla ya mtu yeyote wa kusimulia, ziwa hili lilikauka, halafu maji yakarudi polepole, na kila mahali yaliposimama kidogo yakaacha ufuo wake. Ule mstari ulikuwa ufuo. Mawimbi yalikuwa yanapiga pale, kwenye kokoto zile, mahali ambapo leo ni giza na mbuta wanaogelea. Nilikaa chini. Nimeuza samaki wa ziwa hili maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo niliyojua lina sakafu. Nilikuwa nikifikiri ni maji, halafu matope, basi. Usiku ule nilimwamsha baba yako kumwambia kuna bichi nyingine chini ya bichi. Akaniuliza kama huko nako wanakausha omena.

Na hapo hapo kwenye picha palikuwa na lile doa jeupe, kubwa, limejikunja kama figo.

"Na hapa?"

"Hapa hatuna kitu," ukasema, na uso wako ukabadilika. "Boti haikupita."

Wewe unaijua sehemu inayofuata, ila sijui kama unajua nilivyoiona mimi. Boti ilikuwa yangu, na nahodha alikuwa Okech wangu, ambaye anaijua hii bay kuliko anavyoijua jikoni kwake. Mkubwa wenu alimwambia aende mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima. Kijana wenu alishika mashine. Wewe ulikaa mchangani na redio ya mkononi. Na kila alipokaribia mahali pale, Okech alizunguka. Hakukusudia. Kesho yake asubuhi ulipompelekea picha aliitazama muda mrefu, akasema, "Mimi nimepita kila mahali." Ukamwambia, "Baba Okech, hapa hukupita." Akaweka kidole juu ya doa, akaanza kucheka peke yake. "Hapo ni kwa jiwe. Mkono wangu haujui kupita hapo."

Maisha yake yote amekuwa akilikwepa jiwe lile lisirarue nyavu, mpaka mkono unalikwepa bila kumuuliza mwenyewe. Na kijana wenu alikuwa ameinamia ndoo anatapika, hakuona kitu. Bichi nzima ilicheka. Wewe hukucheka. Ulisema polepole, "Ningekuwa kwenye boti naangalia skrini, ningemwambia nyoosha." Halafu ukanitazama mimi.

Nilijua kwa nini unanitazama. Asubuhi ya majaribio ulikuwa umeshavaa lile koti la kuelea, umeshaweka mguu majini. Ni mimi niliyekushika mkono nikakuambia mbele ya watu, "Kaa hapa, usituharibie boti." Si mkubwa wenu. Si Okech. Mimi mama yako.

Acha nikueleze kuhusu hiyo boti, kwa sababu umekua ukiiona lakini sidhani umewahi kuniuliza. Mbao zake nilinunua mimi. Injini nilinunua mimi. Rangi nilichagua mimi, na nikagombana na fundi kwa sababu ya rangi hiyo. Ndiyo iliyokusomesha, kuanzia nasari mpaka chuo. Na sijawahi kuikalia. Boti ya abiria napanda kama mtu yeyote, lakini boti inayobeba nyavu mwanamke hapandi. Ni kwer, mwiko wa wazee wa ziwa. Akiweka mguu tu, wavuvi wanasema samaki wameikimbia, na hakuna atakayevua ndani yake tena. Wanawake wenye boti tuko wengi kwenye hii bichi. Tunazisubiri mchangani.

Na mimi sikuilinda desturi hiyo kwa shingo upande. Niliilinda kuliko wanaume. Siku moja msichana wa watu, amechoka, ana mtoto mgongoni, alikaa kwenye ukingo wa boti yangu amnyonyeshe. Boti ilikuwa juu ya mchanga mkavu, hata maji haijagusa. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, nami natafuta pa kuangalia.

Kuhusu jiwe lenyewe, hapo pia nilichekesha. Okech aliporudi mara ya kwanza na nyavu zimeraruka akasema ni jiwe, nilimwambia jiwe gani, mimi sijawahi kusikia jiwe. Aliporudi mara ya pili nikamwita mwizi pale pale kwenye mizani, nikasema anauza samaki wangu upande wa Tanzania na kukata nyavu kwa kisu. Nikamfukuza kazi. Nikamleta nahodha mwingine, hodari wa maneno, na huyo akaacha nyavu zote kule chini, hata kipande hakikurudi. Ilibidi niende kwa Okech na kuku wawili na uso wa unyenyekevu. Alipokea kuku kwanza. Ndipo akaniuliza, "Sasa unaliamini jiwe?" Nikasema naliamini. Uongo mtupu. Nilianza kuliamini siku uliyoniletea doa jeupe.

Kwa hiyo unapokutana na watu huko Kisegi na Sindo wanaokuambia kuna kitu mahali fulani, usifanye kama mama yako ukadai kwanza kukiona. Na usifanye pia kinyume chake, ukameza tu. Waulize wanapita wapi, halafu waulize hawapiti wapi. Hilo la pili hakuna atakayekuambia bila kuulizwa, kwa sababu wengi hawajui kwamba hawapiti. Naliandika hili nikijua unalijua tayari. Ni wewe uliyenifundisha.

Jumapili baada ya kanisa uliniomba. Ulingoja mpaka nimalize kula, kwa adabu, mpaka nikaogopa.

"Mama, nipe boti siku moja. Boti yetu kubwa ya kazi haiwezi kukaribia jiwe, maji ni machache. Na hakuna mwingine hapa atakayenipandisha."

Nikakuambia, "Na kesho yake tutakula nini?"

Ukasema, "Basi." Ukachukua sahani ukaenda kuosha. Ningependa ungepiga kelele. Ulivyosema hilo "basi", Robi, niliumia kweli. Ndivyo nilivyokuwa nikisema mimi kila nilipowasukumia wanaume boti yangu na kurudi kukaa.

Najua ni nini kitapotea. Mkubwa wenu amesema doa lisipojazwa kesho, Muhuru inaachwa na mnaendelea na Karungu. Na ulinieleza mwenyewe kwamba mahali pasipopimwa hapatathminiwi, na pasipotathminiwa hapana wa kupatetea. Wenye vizimba vya samaki wameshaanza kuulizia hapo hapo. Watashusha nanga zao juu ya kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja duniani amewahi kukiona, na hatutajua kamwe walivunja nini. Na wewe utaondoka nyumbani ukijua jiwe la kwanza kukosa lilikuwa la kwenu, kwa sababu ya mama yako.

Juzi nilienda kwa Okech. Alikuwa anaziba nyufa za boti kwa pamba na lami, mikono myeusi mpaka viwiko. Nikakaa mchangani nikamwambia jambo lako.

"Mama Robi," akasema, "mimi sina neno na mtoto. Ningempeleka hata Uganda. Lakini baada yake sitavua ndani ya boti hii, na sidhani kuna kijana wa hapa atakayevua. Utabaki na kitanda cha mbao."

"Kwani wewe unaamini kweli?"

Alifikiri, lami ikimkaukia vidoleni. "Siamini, na siachi kuamini. Nikiwa kule nje, upepo umebadilika, sitaki kuwa na kitu cha kufikiria."

Sikumcheka. Wewe pia usiwacheke watu wa namna hiyo. Utawakuta kila bichi, na wengine hawatakuwa wapole kama Okech. Wewe una koti la kuelea na redio na watu wa kuulizia ukichelewa. Okech hana hata kimoja. Anachobeba ni utulivu wa moyo wake, na mtu akikuambia unamharibia utulivu wake, msikilize mpaka mwisho, hata kama baadaye utafanya ulivyokusudia.

Nilirudi nikamwambia baba yako. Unamjua: mtu wa ng'ombe, ziwa analiangalia akiwa ameligeuzia mgongo. Akaendelea kusokota kamba yake ya ng'ombe. Halafu akasema, "Hiyo boti uliinunua ili mtoto asome. Amesoma. Sasa bado unaitunza ya nini?" Nikamwambia ya kula. Akasema, "Tuna ng'ombe." Nikamwambia ng'ombe wako hata kuuza mmoja ni msiba wa wiki nzima. Akacheka, kwa sababu ni kweli. Lakini aliniacha na lile swali, akaenda zake kulala.

Naogopa, sikufichi. Naweza kununua omena kwa boti za wengine na kuuza kama nilivyoanza, lakini nilianza nikiwa na mgongo mwingine na magoti mengine. Inawezekana mwaka ujao nikakupigia simu nikilia. Ukinisikia nalia, usiseme, "Nilikuambia nini?", maana hukuniambia kitu, uliniomba tu. Nimeamua mwenyewe, na nikilia nitakuwa nalilia uamuzi wangu.

Maana juu ya woga wote huo, nyathina, nataka kujua. Ndilo hasa ninalotaka kukuambia. Nimelala nikiwaza kuna nini ndani ya lile doa. Pengine ni jiwe moja kubwa kama kanisa. Pengine ni mawe mengi yamesimama, na mawimbi ya wakati ule yalipita katikati yake. Pengine, uliniambia, pana pango lililochimbwa na mawimbi wakati ufuo ulikuwa pale. Ulisema "pengine" mara nyingi, na kila ukilisema macho yako yanawaka, na mimi moyo unaenda mbio kama wa msichana. Nilidhani umri wangu umeshapita mambo ya namna hii. Nilidhani yaliyobaki kuonekana nimeyaona. Kumbe hapo mbele ya nyumba yangu, mahali nilipotupia maji ya kuoshea samaki miaka yote, kuna kitu kipya kabisa, na mtu wa kukiona ni mwanangu.

Sasa habari yenyewe. Jana nilimpigia simu mkubwa wenu. Alinisalimia kwa Kiswahili kizuri cha Pwani mpaka nikapotea, lakini tulielewana. Boti iko tayari. Nyavu nimezitoa zote, nimeziweka ghalani. Okech amesema atakuja kuisukuma majini kwa mikono yake, ila hatapanda, na dereva wa boti yenu ndiye atakayeshika injini. Dereva ni mtu wa Mombasa, halijui jiwe, na nimeambiwa mkono wake unanyooka. Mwambie apite katikati ya doa. Apite tena, na tena, mpaka pasibaki peupe.

Nimemwambia baba yako akupe barua hii kesho asubuhi ukikaa kunywa chai. Kwa hiyo unaposoma hapa, mimi nimeshashuka bichi.

Usiniite nirudi. Naijua bichi yetu, Robi. Samaki wakiadimika mwezi ujao, nyavu za mtu zikiraruka, mvua ikikawia, watatafuta jina, na jina litakalotajwa ni la msichana aliyepanda boti. Wewe utakuwa Homa Bay, hutakuwepo kujitetea, na kila utakaporudi nyumbani watakuonyesha kwa kidevu. Mimi niko hapa. Mimi nina mdomo, na wananijua.

Ndiyo maana hutakuwa wa kwanza. Mbele ya kila mtu, na Okech akitazama, nimekunja rinda langu, nimeingia majini, nimepanda. Nimekaa mbele, juu ya ule ubao niliouchagua mwenyewe kwa fundi. Wakiuliza ni mwanamke gani aliyeharibu boti ya Mama Robi, wataambiwa ni Mama Robi.

Maliza chai, uchukue mashine yako, uje. Wewe utapanda baada yangu.

Mama yako